Mguu Una Mwenyewe

Baba alipokuwa hai, kadi yake ya kazi mgodini ilitufungulia mlango wa hospitali. Daktari aliamua, sisi tukaitika, dawa zikatoka. Kisha mgodi ukaanguka, kazi zikaisha, wazazi wakafa, nami mkubwa wa nyumba nikaacha shule. Mfupa wa mguu wa mdogo wangu ulipotunga usaha, hospitali ileile ya Kolwezi ilitutaka tuje na pamba na dawa zetu.

Daktari alinieleza kando ya kitanda, kwa Kifaransa. Tungeweza kukata mguu juu ya goti, mtoto apone upesi. Au kuusafisha mfupa na kufunga kidonda miezi mingi, tukijua kwamba sumu ikisambaa, atakufa. Kwetu, mambo ya mtoto wa dada huamuliwa na mjomba. Mjomba alikuwa mbali, mji wa Lubudi, na treni za huko zilijaa watu wa Kasai waliokuwa wakifukuzwa mkoani kwetu warudi kwao. Nikaomba tungoje.

"Homa haitangoja mjomba," alisema muuguzi. Naye alikuwa mtu wa Kasai. Mke na watoto wake walikuwa tayari wanalala stesheni, wakingoja treni. "Na mwenye mguu? Munamupitishia maneno juu ya kichwa sawa gunia ya makala ya kupikia."

Kifaransa ndicho tulichotumia kuwaficha watoto mambo. Muuguzi akainama, akamweleza yote kwa Kiswahili, hata habari ya kufa.

"Mi nilisikia tangu asubui," mdogo wangu alisema, akinigeukia mimi mkubwa wake. "Yaya, basafishe kwanza. Kama inakatala, bakate. Lakini baniambie mbele ya kukata."

Daktari akanitazama. Nikasema ndiyo.

Mfupa uliposafishwa, muuguzi alinifundisha kuchemsha maji ya chumvi, kunawa, kufunga bandeji bila kuikaza. Siku moja sikumkuta; treni ya Kasai ilikuwa imeondoka usiku. Wodi ikabaki na wauguzi wachache, nami nikawa nafunga hata vidonda vya jirani wa kitanda, baada ya kumwomba ruhusa.

Mjomba alifika tukiwa tumesharudi nyumbani, hasira imemjaa.

"Nani alikupa mamlaka? Mimi nimekufa?"

"Hapana, tata mjomba. Ulikuwa mbali."

"Mutoto ni wa nani?"

Kabla sijajibu, mdogo wangu aliinuka mkekani. Akaingia ndani akichechemea, akatoka na kiti, akakiweka mbele ya mjomba. Mjomba aliitazama miguu yote miwili ya mtoto, akaketi. Nilingoja anigeukie mimi.

"Mwipwa," akamuuliza yeye, "ingali inauma?"