Papa Fotokopi

Karani wa ofisi ya kulinda watoto, pale bandarini Kalemie, ana kitambi, muhuri mmoja na sauti ya kuchosha. Wasafiri wa kwenda Kigoma humwita Papa Fotokopi, naye huitika akicheka, kwani hata yeye anajiona kituko: serikali imempa vita na wauza watu, na silaha yake ni karatasi. Mtu mzima akija na mtoto, karani hugeuzageuza kitambulisho cha mtu huyo kama anayechagua samaki sokoni, kisha hukohoa. "Sheria njo hii, Papa. Lete fotokopi, ng'ambo ya barabara. Mutoto abakie hapa." Mlango ukifungwa huvua miwani, hummenyea mtoto ndizi, na kumuuliza nani hukoroma kwao.

Juzi bwana mmoja mwenye tiketi mbili, alipotumwa fotokopi, alimfokea, "Papa, mambo yako ni mengi!" "Ni ujinga wangu tu," alijibu. Emmanuella, msichana wa Kiambi aliyeletwa naye, hakujua hata jina la bwana huyo. "Alisema nitaenda kuuzisha kwa duka lake." Karani na msichana walimngoja mpaka meli ikapiga honi, bwana hakurudi. Mwaka jana wakubwa walimletea karani mashine mpya ya fotokopi. Aliwashukuru, akasaini, na kila wakimuuliza husema kichwa chake ni kizito kwa mambo ya umeme. Mashine ingali ndani ya katoni, kando ya meza, na juu ya katoni hiyo ndipo Emmanuella alipokaa akila ndizi.