Karakara Zilizopuliziwa Dawa

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Sasa kwa kuwa shamba hili la Gesima tunakuachia wewe, na wageni wanakupigia simu wewe, ni vyema uijue. Baba yako hajawahi kukusimulia. Ananihurumia.

Nilikuwa na mwaka wa pili tangu niolewe hapa, na shamba lilikuwa la nyanya yako, mama mkwe wangu. Matunda yake aliyakuza kwa samadi na majivu tu. Watu wa Kisii mjini walikuja Jumapili kutembea shambani, kuchuma na kula papo hapo bila hata kuosha. Hilo ndilo lililowaleta.

Wiki hiyo alikwenda Ogembo kumuuguza dada yake, akaniachia shamba. Nilitaka sana anisifu. Basi Ijumaa hiyo nikakuta majani ya karakara yamejikunja, wadudu weusi wamejaa chini yake. Yeye angenyunyizia maji ya majivu na kungoja. Mimi sikuweza kungoja. Nilimwona akilini akirudi na kutikisa kichwa. Nikaenda agroveti, duka la dawa za kilimo, nikanunua dawa ya wadudu, nikapulizia mistari miwili. Chupa nikaitupa chooni.

Kesho yake, Jumamosi, siku yetu ya Sabato, nilikaa kanisani bila kusikia neno hata moja la mahubiri.

Jumapili asubuhi nyanya yako akarudi, na muda si muda wageni wakafika: Bi Zuhura, ambaye mumewe aliuza vitambaa mjini, pamoja na mama yake mzazi. Bi Zuhura alikuwa na mimba ya miezi saba, tena mimba ya kumsumbua. Chakula hakikukaa tumboni, ila matunda yenye uchachu. Nyanya yako alifurahi kusikia hivyo.

"Kerubo, mpeleke kwenye karakara," akaniambia. "Ale mpaka achoke."

Nilitangulia nikijiambia kwamba dawa imeshakauka. Nikajaribu kuwaelekeza kwenye migomba. Lakini nilipogeuka, Bi Zuhura alikuwa amechuma moja na anaipeleka mdomoni aipasue kwa meno.

"Usile!" Nikampiga mkono, tunda likaanguka. Mama yake akanikodolea macho. "Nimepulizia dawa," nikasema.

Nyanya yako alisikia. Nikangoja anifukuze mbele za watu. Alikuja polepole na maji na sabuni, akamnawisha Bi Zuhura yeye mwenyewe, kidole kwa kidole.

"Mtusamehe," akasema. "Tumepulizia dawa hapa na hatukuwaambia. Ndizi na maparachichi ni salama, lakini mkitaka kurudi nyumbani, hatutawalaumu."

Walirudi nyumbani.

Nikamuuliza kwa nini alisema "tumepulizia" ilhali yeye hakuwepo.

"Ulidhani nitakuacha usimame peke yako?" Kisha akanikaripia, kwa sauti ya chini ambayo iliniuma kuliko kelele. "Majani yenye wadudu ningewaonyesha wageni na tungeyacheka pamoja. Ulinihofu mimi hivyo, Kerubo, hata ukasahau atakayekula?"

Nikaenda kuchukua majembe mawili.

Tuling'oa mistari ile pamoja. Msimu mzima alinisimamisha langoni niwaeleze wageni mwenyewe, na wengine waligeuza gari wakaenda. Bi Zuhura alirudi mtoto wake akiwa ameanza kukaa. Aliniuliza kama kuna dawa. Nikamwambia hakuna. Akachuma, akala. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia, mwanangu, kwa furaha ambayo sikustahili.

Kwa hiyo nakuomba. Shamba likishambuliwa, waonyeshe wageni jinsi lilivyo. Wao hawajaja kuona majani mazuri, wamekuja kwa sababu wanakuamini. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Na wale utakaofanya kazi nao usiwatie hofu mpaka wakufiche mambo. Mmoja wao akikosea, simama naye kwanza, umkaripie baadaye, mkiwa wawili.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake. Ailinde mikono yako na wote watakaokula kutoka mikononi mwako, wafike kwao salama na wakukumbuke kwa wema. Haya, mama, nenda kawapokee wageni wako.