Nilimwonyesha dereva mwenzangu kwamba trafiki hawapo mbele: yaliyompata mama wa viazi karibu na Usagara

Wakuu, salaam kwenu wote, mlio kazini na mlioingia humu kwa kujificha kazini.

Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu, na sehemu yake mbaya nimeifanya kwa mkono wangu wa kulia. Sijaongeza kitu. Nimepunguza viwili tu, jina la kijiji na jina la mama mwenyewe, maana wenye majina hayo wapo na hawajaniomba niwatangaze.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Natengeneza redio, pasi na feni hapa hapa barazani kwangu Butimba. Form four nilimaliza kwa kubahatisha. Mke wangu akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu tulimkuta na nyumba."

Kigari ninacho, kidogo, cha zamani. Kinatoka Jumapili kwenda kanisani, na siku moja moja kwenda Mkuyuni kutafuta spea. Mwendo wangu ni wa kuchekwa. Bajaji zinanipita, na abiria wake wanageuka kuniangalia kama wanaona mgonjwa.

Dereva wa kweli katika familia ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye anaendesha fuso la mizigo, Shinyanga na Tabora kwake ni kama kwenda dukani.

Siku nilipoambiwa nikamchukue baba mkwe kule upande wa Misungwi, nimlete mjini kwa ajili ya macho, shemeji alikuja barazani kunipa semina. Waliozoea barabara wanaijua hii, lakini acha niieleze kwa ajili ya wenzangu wa kukaa ndani.

Ukikutana na gari likakuwashia taa mara mbili, dereva wake anakupa habari au anaomba habari. Akielekeza mkono chini, trafiki wapo mbele na tochi yao ya kupimia mwendo. Akikupungia kiganja nje ya dirisha, hawapo, kanyaga.

Nikamuuliza, "Na vile vibao vya mwendo wa hamsini kwenye vijiji?"

"Shemeji," akasema, "kibao hakiandiki faini."

Nikacheka. Naandika kwamba nilicheka ili mniweke mahali pangu mapema.

Basi, Alhamisi asubuhi nikatoka. Nimeshapita Usagara, nakaribia kijiji hicho ninachokificha jina, fuso moja likaniwashia taa. Mara mbili. Dereva akaelekeza mkono chini.

Wakuu, nilifurahi. Mimi, mtu wa pasi na feni, nimepewa siri na dereva wa fuso. Kwa semina ya shemeji nilikuwa nimejikakamua hadi sitini na tano hivi, nikashuka hadi arobaini. Kweli, nyuma ya kijiwe cha bodaboda alisimama afande na tochi yake. Nikampita kwa adabu zote.

Nilipofika kwa wakwe nikampigia shemeji kumwambia nimeokolewa. Akaniambia, "Sasa umekuwa dereva."

Hiyo sentensi nilitembea nayo kifuani kama beji.

Kurudi, mzee alikaa mbele, koti lake la ibada, kofia, fimbo katikati ya magoti. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili na kliniki yake ilikuwa kesho yake. Haoni vizuri lakini masikio yake hayajapungua hata kidogo.

Baada ya kilomita kadhaa akauliza, "Mkwe, tunakwenda au kuna kitu tunasubiri?"

"Tunakwenda, baba."

"Aha. Nilidhani labda kuna mtu anakuja."

Nikabadilisha gia, mwendo ukabaki ule ule.

Tulipofika kile kijiji akaomba tusimame. Alitaka viazi vitamu vya kumpelekea binti yake. Kando ya lami alikaa mama mmoja, umri kama hamsini na kitu, kitenge kimefungwa kiunoni, viazi vimepangwa mafungu mafungu juu ya gunia.

"Mwangaluka," mzee akamsalimia, na wakaanza kuulizana habari za nyumbani kwa Kisukuma, mvua, mifugo, nani ni mtoto wa nani. Mimi naona saa inakwenda.

Kisha mama akanigeukia kwa Kiswahili.

"Na huyu dereva wako, mzee, mbona amekuja taratibu hivi, kama anaogopa kuiamsha barabara?"

Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Ni mkwe wangu. Nimempa binti, na bado ananichelewesha hospitali."

"Mwache, huyu atakufikisha," mama akasema. Akatujazia mfuko, akaongeza vitatu vya juu. "Hivyo ni vya binti yako. Haya, nendeni, na mimi nivuke nikapumzike kidogo. Jua limeanza kuuma."

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Akasimama na beseni lake tupu akisubiri mimi nitoke kwanza.

Nikaondoka polepole kama kawaida yangu.

Hatujafika mbali, labda mita mia na kitu, ikatokea Probox upande wa Usagara. Imebeba hadi juu ya paa. Ikaniwashia taa, mara mbili. Dereva akaelekeza mkono chini, yaani huko ninakokwenda, Usagara, wapo. Halafu akainua kidevu. Alikuwa anauliza na yeye. Huko ninakotoka vipi?

Kijiweni pale asubuhi alikuwepo afande, sasa hayupo. Na mimi nilishapewa habari yangu. Ningenyamazaje?

Nikatoa mkono nje, nikampungia kiganja. Hawapo.

Tena kwa madaha, wakuu. Niliupunga kama mtu aliyezaliwa kwenye fuso.

Baba mkwe akageuza shingo kidogo. "Huyo ameongeza."

Alimaanisha injini. Mimi sikusikia tofauti yoyote, yeye alisikia.

Halafu zikaja breki. Baada ya breki ikaja sauti nyingine ambayo sitaieleza humu.

Niligeuza gari palepale kwenye lami, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani.

Tulipofika, Probox ilikuwa imeingia kwenye majani, kioo cha mbele kimepasuka. Gunia moja la juu lilikuwa limedondoka likafumuka, dagaa wametapakaa barabarani, harufu imejaa. Beseni lilikuwa huku, mama alikuwa kule.

Alikuwa hai. Alikuwa anaongea. Mguu wa kushoto ulikuwa umekaa mahali ambapo mguu haukai.

Dereva alishuka. Msitegemee niwaambie alikuwa mlevi au mhuni. Alikuwa mtu wa rika langu, shati limechomekewa vizuri, pete ya ndoa kidoleni. Watu walikuwa wameshatoka majumbani na fimbo zilianza kuonekana. Yeye hakuwaangalia. Aliniangalia mimi.

"Kaka," akasema, "si uliniambia hawapo?"

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anauliza kweli. Kwenye hesabu yake kila kitu kilikuwa sawa, na kibaya zaidi, kwenye hesabu yangu pia. Hatukukosea hata alama moja. Afande hakuwepo, nikasema hayupo, akakanyaga. Kibao cha hamsini kilikuwa kimesimama nyuma yake pale, kikubwa, kimepakwa rangi mpya, na hakuna kati yetu aliyekihesabu.

Kijana mmoja akamshika shati. Baba mkwe akainua fimbo yake.

"Mnaotaka kumpiga, mmpige kesho," akasema. "Leo shikeni mama."

Wakamshika mama. Tukamlaza kiti cha nyuma, wifi yake akaingia naye akampakata kichwa. Yule dereva akabaki na mwenyekiti wa kitongoji kusubiri polisi, na kwa haki niseme hakukimbia.

Tukaanza kwenda. Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Viazi vyangu nani anaviangalia?"

"Vipo, wifi," akaambiwa. "Tulia."

Hapo ndipo mimi nikaendesha. Themanini, tisini. Njiani magari matatu yaliniwashia taa, mikono inaelekezwa chini, Usagara wapo. Walikuwa wananitakia mema. Nami kwa mara ya kwanza nilikuwa nawatafuta hao hao trafiki.

Pale Usagara nikasimama mwenyewe kabla sijasimamishwa. Afande mwanamke akachungulia nyuma, akaona. Hakuomba leseni.

"Washa hazard, nenda," akasema. "Mkuyuni kuna foleni, nampigia aliyeko pale awafungulie."

Na kweli Mkuyuni tulikuta wamefunguliwa njia. Tukapita katikati ya malori kama msafara wa kiongozi. Asubuhi ile ile mimi nilimpigia mtu simu kushangilia kwamba nimewakwepa hawa.

Hospitali walimpokea haraka. Tangu hapo kwetu sote swali likawa moja tu, mguu utabaki au hautabaki. Mama yule ni mjane, analima mwenyewe, anavuna mwenyewe, anabeba mwenyewe hadi barabarani. Mguu kwake ndio jembe na ndio gari.

Mke wangu alipeleka uji kila siku. Mimi nilikwenda naye, nasimama mlangoni mwa wodi kama mtu aliyekuja kutengeneza feni. Nilimwambia mke wangu kila kitu siku ya kwanza. Mke wangu, mtu wa utani, hakutania. Aliniuliza tu, "Na yeye anajua?"

Hakuwa anajua.

Shemeji alipiga simu kutoka Tabora. "Hilo si lako, shemeji. Aliyekanyaga ni yeye. Na polisi usiende kuanza habari za mikono, utajiletea mambo."

Siku ya nne niliitwa kuandika maelezo kama shahidi. Nikaeleza kuanzia viazi hadi mkono. Askari aliyekuwa anaandika akasimamisha kalamu.

"Hiyo ya mkono unataka iingie?"

"Ndivyo ilivyokuwa, afande."

Akaniangalia kidogo, kisha akaandika. Hakuniambia ni kosa, hakuniambia si kosa. Kwa jinsi ninavyofahamu mimi hakuna aliyenishtaki mpaka leo. Yule wa Probox kesi yake iko mahakamani.

Siku ya tisa madaktari walisema wamejaribu. Wakaukata chini ya goti.

Nilisubiri mpaka alipoweza kukaa kitandani. Wifi yake alikuwepo. Nikamwambia, "Mama, kuna jambo langu hulijui." Nikamweleza taa, nikamweleza tochi, nikamweleza afande wa asubuhi.

Akasikiliza yote. Kisha akasema, "Nionyeshe huo mkono."

Nikamwonyesha.

"Nionyeshe tena."

Wakuu, kupunga kiganja ndani ya wodi mbele ya mtu uliyemfanyia hivyo, mara ya pili, ni kitu ambacho sitamwombea adui.

Akauangalia mpaka nikaushusha.

"Ulikuwa umetoka kuongea na mimi sasa hivi, baba," akasema. "Viazi vyangu vilikuwa ndani ya gari lako."

Kisha akamwomba wifi yake maji.

Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Tangu alipotoka nimekwenda kumsalimia mara kadhaa, na baba mkwe, ambaye jicho moja sasa linaona, huwa anakuja nami. Mama ananipokea, ananipa kiti, tunaongea habari za mvua. Anatembea kwa magongo. Shamba amempa mtu wanagawana mavuno. Viazi anauzia upande wa nyumba yake siku hizi. Wateja ndio wanavuka.

Nilichojifunza sikukiokota kitabuni. Sisi madereva, na mimi wa bajaji kunipita nimo, tumekubaliana kimya kimya kwamba hamsini ni mali ya trafiki. Akiwepo ipo, akiondoka anaondoka nayo. Tunasaidiana kuwakwepa na tunaita huo ni upendo wa barabarani. Mimi niliona raha kuwa mwema kwa mtu nisiyemjua ndani ya Probox, nikamsahau niliyemjua, aliyesimama na beseni.

Siku hizi nikiwashiwa taa sijibu. Mikono yote miwili iko kwenye usukani. Kuna wanaonitukana wakipita, dereva gani mchoyo huyu. Shemeji anasema nimeharibika, amekataa hata kupanda gari langu, ingawa hilo naona anaogopa kuchelewa.

Sijui kama nipo sahihi. Pengine kuna mwenye hoja kwamba ile taa inafanya mtu apunguze mwendo, na kupunguza ni kupunguza, sababu yoyote ile. Asubuhi ile kweli ilinipunguza mimi. Nimeifikiria hiyo hoja kwa wiki nyingi na inanipa taabu.

Kwa hiyo uwanja ni wenu, hasa nyie wa malori na mabasi mnaopita Usagara kila siku. Mwenzako akikuuliza kwa taa huko mbele vipi, na unajua trafiki hawapo, unamjibu nini? Wa kunisema aniseme, nimeshazoea kusemwa nikiwa nyumbani kwangu. Ila kila anayejibu aanze kwa kutuambia mlango wa nyumba anayolala mama yake uko hatua ngapi kutoka kwenye lami.