Mafuta ya Ng'ombe Ndani ya Kompyuta ya Baba

Enzi zetu kompyuta haikuwa na maji ndani yake. Nalisema hili mapema kwa sababu mwezi uliopita niliingia chumbani kwa binti yangu Neema, hapa Nyeri, nikamkuta amefungua ubavu wa kompyuta yake ya gemu, na ndani nikaona mirija miwili myeusi imejipinda. Nikamuuliza ni ya nini. Akanijibu bila hata kugeuka kwamba inapitisha maji. Maji, kwenye stima. Nilirudi kinyumenyume hadi mlangoni nikamwambia atoke pale kabla hajafa, naye akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mum, tulia. Ni ya kupoesha processor. Leo imegonga eighty-five, na hiyo si poa."

Nyuzi themanini na tano. Tuko kwenye mji ambao nguo hukaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka, mimi mwenyewe nimevaa sweta mbili na soksi za sufu, na mtoto wangu analalamikia joto. Akaniomba nimshikie tochi. Akalegeza skrubu, akanyanyua kile chuma kinachokaa juu ya prosesa, akafuta uji wa kijivu uliokauka, kisha akatoa bomba dogo la sindano na kudondosha uji mpya, tone kama punje ya njegere. Akanieleza kwamba huo uji ndio hutoa joto kwenye prosesa na kulipeleka kwenye chuma ili feni na maji yalimalize, na kwamba ukikauka kila kitu kinachemka. Hakujua kuwa somo hilo mama yake alilipata akiwa na miaka kumi na mitatu, na alilipata vibaya.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo tukiishi Gatitu, nje kidogo ya mji huu wa Nyeri, katika nyumba ya mbao iliyopitisha upepo kila upande. Sisi ni watu wa Bungoma. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu na kazi ndiyo iliyotuleta huku, baba, mama, kaka yangu Wafula na mimi Nekesa. Wenzangu mliokulia pande hizi mnaijua Julai yetu. Ukungu unashuka asubuhi na mlima haujionyeshi wiki nzima, ukipumua unatoa moshi, vidole vinakataa kushika kalamu. Mama alitupanga mstari kabla ya shule na kutupaka mafuta ya kukamulia, yale ya kopo ambayo majirani waliwapaka ng'ombe chuchu zisipasuke. Hakuna aliyeona ajabu. Darasa zima tuling'aa mashavu na kunuka zizi, na mtoto aliyekuja na losheni ya dukani tulimwona wa kujisikia.

Tulicheza kati, mmoja akikwepa mpira katikati ya wawili, mpaka mpira wa soksi ukafumuka. Tuliteleza mteremkoni juu ya mitungi ya plastiki iliyopasuka tukarudi nyumbani na matope hadi kwenye kope. Tuliiba matunda mabichi ya plamsi, tukaugua tumbo, na Jumamosi iliyofuata tukaiba tena. Mama Muriithi wa jirani alitupa githeri ya moto, mahindi na maharagwe, kwenye kifuniko cha sufuria, nasi tukampelekea ugali wa mtama ambao alikula kwa adabu tu. Watoto wa siku hizi ukiwaambia watoke nje wanauliza kama huko nje kuna wifi.

Aliyeteseka na baridi kuliko sote ni mama. "Hii Nyeri ni friji," alisema kila asubuhi akipuliza jiko. "Mungu akitaka kunichukua, anichukulie Bungoma." Kila likizo alimuuliza baba ni lini ataomba uhamisho, na kila likizo baba alijibu kwamba amalize kwanza digrii yake. Alikuwa anasoma chuo wakati wa likizo, na alikuwa ameahidiwa kwamba akiipata atakuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja upande wa Nanyuki. Mama alikuwa amesikia kwamba Nanyuki ndiko baridi huzaliwa. Likitajwa jina hilo aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kompyuta ililetwa nyumbani kwa ajili ya hiyo digrii. Baba aliinunua kuukuu kwa fundi mmoja wa mji mdogo wa Chaka, aandikie ripoti yake ya mwisho. Ilifika imefungwa kwa blanketi, na mama akaivika vitambaa vitatu alivyofuma mwenyewe, kimoja kwenye skrini, kimoja kwenye boksi, na kimoja nyuma, juu ya matundu ya feni, vumbi lisiingie. Redio ilikuwa na kitambaa chake, viti vilikuwa na vyao, sasa kwa nini kompyuta ikae uchi?

Sheria ya baba ilikuwa saa moja ya gemu kila Jumamosi. Tulikuwa na gemu mbili, ya mpira na ya magari. Baada ya dakika ishirini feni ilianza kulia, magari yakaanza kukwamakwama kama picha za gazeti, halafu giza. Ilikuwa inajizima yenyewe. Nikigusa boksi lilikuwa moto kuliko jiko la mama. Tulimwambia baba kwamba kompyuta inasikia joto, akatutazama akiwa amevaa koti na kofia ya sufu ndani ya nyumba.

"Nyeri yote hii inatetemeka," akasema, "halafu hii peke yake ndiyo inasikia joto?"

Basi tukajitibia wenyewe. Mama akitoka tulivua vitambaa vyote, tukafungua dirisha ukungu uingie, tukajifunika blanketi mabegani na kucheza meno yakigongana. Kompyuta ikastahimili nusu saa. Wafula akatoa ubavu wa boksi, na ndani tukakuta vumbi jekundu la Gatitu limechanganyika na nyuzi za sufu za mama, limeziba feni kama kiota. Tukalitoa kwa mswaki. Tukapata dakika arobaini. Nawaambieni, hakuna dereva wa magari ya mashindano aliyewahi kuhesabu dakika kama sisi.

Kisha Wafula, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitano na alijua kila kitu, akasikia kwenye cyber ya mjini, walikokodisha kompyuta, kwamba chini ya kile chuma cha feni kuna kitu cha kupakwa, na kikikauka prosesa inaungua. Jumamosi moja ya Agosti, baba akiwa mjini na mama kwenye kikundi cha akina mama, tukang'oa chuma. Kweli, uji ulikuwa umekauka na kupasuka vipandevipande. Tulisimama tukauangalia. Tulijua ngozi iliyopasuka hupakwa nini.

Sitanii. Nililileta kopo mwenyewe kutoka chini ya kitanda cha mama. Wafula akachota kidole kizima akapaka kama anavyopakwa mtoto siku ya kwanza ya shule, na kilichobaki akakipaka kandokando ili kisiharibike. Tukafunga, tukawasha. Tukacheza saa nzima na kompyuta haikupiga hata chafya. Nakumbuka tulikumbatiana. Leo najua mafuta hayo husaidia kwa siku chache tu, yakipata moto wa kutosha yanayeyuka na kutiririka, na yakishaondoka prosesa inaungua kabla hata haijawahi kujizima. Hilo hatukulijua.

Alhamisi alasiri baba alikuwa mezani akiandika sura ya mwisho. Ripoti ilitakiwa chuoni wiki iliyofuata, la sivyo angengoja mwaka mzima. Tulikuwa jikoni tuliposikia harufu, kwanza ya zizi, halafu ya plastiki inayoungua. Tulipoingia, skrini ilikuwa nyeusi na moshi mwembamba unapanda nyuma ya kitambaa cha mama. Baba alikuwa bado ameweka vidole kwenye kibodi. Nilitegemea angurume. Badala yake alivua miwani, akaiweka mezani polepole, akatugeukia.

"Nimeifanyisha kazi sana," akasema. "Poleni, watoto. Nimewaharibia gemu."

Alituomba radhi. Baba, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akimwomba mtu radhi, alituomba sisi, na sisi tulisimama pale midomo imefungwa. 

Kesho yake tulibeba boksi hadi kwa yule fundi wa Chaka, baba na sisi wawili, mama akabaki nyumbani. Fundi alikuwa mzee mcheshi mwenye tochi kichwani. Akafungua, akang'oa feni. Akapitisha kidole, akanusa.

"Ati nini hii?" akasema. "Mwarimu, hii si ni mafuta ya kukamua ng'ombe? Nani amepaka hii kitu hapa?"

 Wafula alikuwa anaangalia viatu vyake. Baba akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akanusa naye mara mbili. Kisha akasema, "Ni mimi."

Fundi akaita wenzake wa vibanda vya jirani. "Kujeni muone, mwarimu wa hesabu amepaka komputa jeri ya ng'ombe." Wakaja wanne, wakacheka huku wamejishikia meza, na mmoja akauliza kama ilitoa maziwa. Baba alisimama katikati yao akiwa amevaa tai. Alikuwa mtu ambaye hata chaki ikimwangukia kwenye koti alitoka nje kujipangusa. Siku ile alivumilia kila kicheko mpaka fundi alipomwambia kwamba prosesa imekufa lakini diski ni nzima, na ripoti yake imo, imepungua kurasa za alasiri ile tu.

Njiani kurudi tulingoja kiboko. Hakikuja. Hakikuja siku ile wala wiki ile. Tukaelewa kwamba baba amejua ni sisi na ametufunika mbele za watu, na hatukuthubutu kumshukuru maana kumshukuru kungekuwa kukiri. Akamalizia sura yake kwenye cyber, akapata digrii. Halafu, bila kumweleza mtu sababu, akaikataa nafasi ya Nanyuki na kuomba uhamisho. Januari tulikuwa Bungoma. Mama alifunga mizigo akiimba.

Mama alifariki miaka sita iliyopita, amezikwa pale nyumbani, na baba amestaafu na anaishi pale pale. Nami kazi imenirudisha Nyeri. Siku ile Neema alipomaliza kupaka uji wake na namba kwenye skrini ikashuka hadi hamsini na tano, nilicheka nikampigia baba simu. Nilidhani imeshakuwa hadithi ya kuchekesha. Nikamwambia, "Baba, ile kompyuta ya Gatitu, yale mafuta ni sisi tulipaka. Mimi na Wafula. Asante kwa kutufunika."

 Nikaita mara mbili nikidhani mtandao umepotea.

"Kwa hivyo sio mama yenu," akasema.

"Mama? Mama angepaka kwa nini?"

Akanieleza taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alipoyanusa yale mafuta pale Chaka alijua ni ya kopo la mama. Na wiki ile mama alikuwa amelia juu ya Nanyuki. "Nikasema, kama mtu anaweza kuharibu kompyuta ili asipelekwe Nanyuki, basi wacha nimrudishe kwao. Sikumuuliza. Ningemuuliza angeona haya."

Nilikaa kwenye kitanda cha Neema, tochi bado inawaka mkononi.  Nikalikumbuka sanduku la bati ambalo baba alianza kufungia karatasi zake tulipofika Bungoma, kufuli kubwa na ufunguo shingoni. Mama alimuuliza ni kwa nini, akamjibu kwamba ni panya. Mama aliishi na kufuli lile, lililowekwa kwa ajili yake bila yeye kujua, maisha yake yote yaliyobaki, akipangusa vumbi juu ya sanduku, akaliwekea na kitambaa. Kosa lilikuwa letu. Tulilinyamazia tukaliita heshima, na mama ndiye aliyelibeba bila hata kuambiwa.

Siku hizi mambo ni mengine. Mashine ya Neema ikipata joto inaandika namba mbele ya macho yako kabla haijazidiwa. Neema mwenyewe akivunja kitu anakuja kwangu kipande kikiwa bado mkononi, "Mum, nimeharibu," na mimi humgombeza nikisema kwamba enzi zetu watoto walikuwa na adabu. Tulikuwa nayo, hiyo ni kweli. Ningeibadilisha yote kwa alasiri moja ya kusema "Baba, ni sisi."

Baba akakohoa upande wa pili wa simu.

"Miaka yote hii nimekuwa nikimsamehe," akasema. "Kesho asubuhi nitaenda pale kaburini nimwombe yeye anisamehe. Na wewe na Wafula mkuje Jumamosi. Yenu mtamwambia wenyewe."