Nilivyomuuliza mjane namba ya mumewe

Leo nimemtonesha mgonjwa kidonda kwa sababu sikumtazama usoni.

Mimi ni nesi, wodi ya wanawake. Siku hizi daftari hakuna, mgonjwa tunamwandikisha kwenye kishikwambi.

Asubuhi kaja bibi mmoja wa Tongoni, presha imempanda. Kaja peke yake.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikaanza maswali huku macho yangu yako kwenye kioo.

"Umeolewa, bibi?"

"Mume wangu tumemzika Ijumaa."

"Sawa. Namba yake ya simu?"

Nilipoinua uso, bibi alikuwa anaitafuta kweli kwenye kisimu chake, machozi yanamtoka. Nguo za eda anazo mwilini, na mimi sikuziona.

"Ninayo," akasema. "Sijaifuta."

Jamani.

Nikakiweka kishikwambi pembeni, nikakaa kitandani pake, nikamwomba radhi. Halafu nikamuuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani. Akanihadithia mpaka chai yake ikapoa.

Kurudi kwenye kishikwambi, kimejizima, na yote niliyojaza yamefutika.

"Nisamehe bibi, itabidi nikuulize tena tangu mwanzo."

"Niulize tu, mjukuu wangu," akasema. "Nyumbani hakuna wa kuniuliza kitu."

Nimesharudi chumbani kwangu Ngamiani, na tangu nifungue mlango sijaongea na mtu.

Manesi wenzangu, nyie mnawezaje kujaza fomu na kumtazama mtu kwa pamoja? Niambieni, niko macho.