Pini kumi zenye kiuno

Leo mashine imenitii mpaka nikaona haya.

Asubuhi alikuja karakanani kwetu Bwana Salim, muuza juisi ya miwa kule Feri. Mkononi ana pini ya chuma ya mashine yake ya kukamulia. Imelika katikati mpaka ina kiuno!

"Nikerezee kumi kama hii, binti yangu."

Nikaipima, nikatia vipimo kwenye mashine yetu mpya ya kukereza, ile inayoongozwa na kompyuta. Nikafunga mlango wake wa kioo, nikabonyeza.

Wallahi, raha kuitazama. Chuma kinazunguka, kisu kinajisogeza chenyewe, maji yanakipoza, nami nimekunja mikono kama bibi harusi.

Zikatoka kumi, zinameta.

Zote zina kiuno.

Ndiyo, nilipima hata pale palipolika. Nichekeni tu.

Bwana Salim akashika kichwa. Mzee Omari, fundi wetu wa kerezo la mkono, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua kipimo chake, akazipima moja moja.

Kicheko kikamwisha.

"Hazipishani hata unywele," akasema. "Kosa ni lako, mwanangu. Hii imefanya ilivyoambiwa."

Nikabadilisha namba moja tu. Chai yangu haijapoa, kumi nyingine hizo, zimenyooka sawasawa.

Haya, nani mwengine kaumbuliwa kazini leo? Nisiwe peke yangu.

Na huyo Mzee Omari, mwaka mzima akiiita mashine ile televisheni. Jioni nimemkuta akiipangusa kioo kwa kitambaa chake cha mfukoni.