Pembe Iliyoachwa Wazi

Habari nimeipata kwa simu ya binti yake: mzee wa Kambodia aliyetunza hekalu la Wabudha pale mtaani Evere, huku ugenini tunakoishi, ametutoka, hospitalini Woluwe. Wasomaji wengi hawakumjua. Hekalu lenyewe ni ghala la zamani la fanicha, na ukipita nje kwa basi huwezi kudhani kuna watu wanaosali ndani. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya matanga.

Mwaka juzi, vita vilipofika Bukavu, mama mmoja wa kikundi chetu cha sala alifiwa na kaka yake huko. Mwenye jumba tulilokuwa tumekodi alikwisha kutufukuza kwa sababu ya kelele za ngoma, na fleti ya mama huyo isingeweza kupokea watu. Kwetu, kumlilia marehemu peke yako ni kama kumzika mara ya pili. Mzee yule, jirani wa mama huyo katika jengo lilelile, akatukaribisha tulie ghalani kwake. Nami, kiongozi wa sala, kabla hata ya kushukuru nikamtaka aifunike sanamu ya Budha. Akaleta shuka, akaifunika mwenyewe, polepole, kama anayemfunika mzazi aliyelala. Mfiwa akanivuta kando.

“Papa, bon, muntu anatupatia nyumba yake, na weye unamuambia afunike baba yake?”

Nikarudi mbele nikaanzisha sala, shuka likiwa palepale.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa chai, kisha akanichorea kwa kidole, juu ya meza, hekalu la kale la kijijini kwao: msingi wa mawe mapana, nguzo nyekundu, mapaa matatu yaliyopandana, ncha zake zimepinda kama shingo za nyoka. Upande wa mashariki kulikuwa na pembe tupu. Husimuliwa kwao kwamba wajenzi walibomoa hapo mahali pa ibada pa watu waliowatangulia, na kila walipoinua ukuta wa mashariki, ukaanguka. Mwishowe mwanamke aliyewapikia akawaambia wamemnyima mwenyeji wa hapo mahali pa kukaa. Wakaiacha pembe hiyo wazi, bila sanamu wala taa, na ukuta ukasimama. Vita vya kwao viliangusha mapaa yote. Ukuta ule ulibaki. Nikamuuliza kama alikuwa ananisema mimi. Akacheka, akanijibu kwa Kifaransa chake.

“Mon ami, rafiki yangu, nakueleza habari za ukuta tu.”

Baadaye tulipata jumba mtaa mwingine, Auderghem, na sikurudi hata kumsalimia. Sisi tuliokimbia kwetu tunakijua kilio cha kukosa mahali, lakini tukipata chumba tunakijaza dini yetu, kabila letu na sauti zetu, hadi mlangoni.

Jumamosi nilikwenda kumuaga. Katika pembe ya mashariki ya ghala vilikuwapo viti vya plastiki tulivyovisahau siku ya matanga, vimepanguswa vumbi. Binti yake alisema baba alikataza visiondolewe, huenda tungerudi. Nikaketi kwenye kimojawapo. Mbele yangu sanamu ilikuwa wazi, nami nikaiinamia kwa niaba ya mzee mwenye nyumba, nikamshukuru Mungu wangu kwa ajili yake. Ajengaye na aache pembe. Hajui nani atakuja akilia.